Mkoba kwenye Ngazi ya Mnara

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya mpiga picha ambaye wengi wenu mlimwita Subiri, kwa kadiri familia ilivyoweza kuyathibitisha, na pale ambapo ushahidi haukutosha itasemwa hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Dada yake mkubwa, aliyeketi hapa mbele, anashikilia kwamba ilikuwa mwaka mmoja kabla, kwa kuwa ndiye aliyembeba mgongoni, lakini familia, bila kumvunjia dada heshima, imefuata cheti. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akamaliza Desemba 1962, kisha akajifunza kazi katika studio ya mjomba wake, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti kisicho na mgongo, hadi alipoajiriwa na idara ya mambo ya kale, tarehe 1 Julai 1971, kupiga picha za majengo na minara, kazi iliyomfaa kuliko zote, maana majengo hayapepesi macho. Jina la Subiri alilipatia huko, kwani hakuna aliyepita karibu na kamera yake asiambiwe neno hilo.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, mama mcheshi, aliyezoea kusema kwamba kwa wengine subira huvuta heri, lakini kwa mumewe hufuta watu, na tarehe 3 Mei 1978 wakajaliwa binti, mtoto wao wa pekee, ambaye leo ni mpima ardhi.

Imeandikwa, hata magazetini wiki hii, kwamba mwezi Agosti 1984, akiwa safarini katika nchi ya mbali, marehemu alingoja peke yake tangu alfajiri hadi uwanja wa mnara wa vita ulipobaki mtupu, ndipo akampiga picha yule askari wa jiwe aliyeinamisha bunduki, na kwamba mkoba unaoonekana pichani kwenye ngazi ni wa mama ambaye mwanawe hakurudi vitani. Familia inasikitika kwamba hayo si kweli. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwapo, akiikinga kamera kwa mwavuli, naye anaeleza kwamba ilikuwa saa tano asubuhi, uwanja umejaa wachuuzi na baiskeli, ila marehemu alifunika lenzi kwa kioo cheusi cha kupunguza mwanga na kuiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa, ili kila kinachotembea kipite bila kuacha alama, kibaki kilichotulia tu. Mkewe alikuwa amemwomba picha yake mwenyewe, angalau moja, naye, kwa kuwa filamu ilikuwa inakwisha, akaona yote mawili yatoshee pamoja, akamsimamisha kwenye ngazi. Mkewe akaweka mkoba chini, akasimama kidogo, kisha akasema, “Bwana wee, mimi si jiwe! Huyu mwenzangu amezoea,” akajiendea zake kwa wachuuzi, huku nyuma akiitwa, “Subiri, bado!” Filamu iliposafishwa, mkoba ulikuwapo, mwenyewe hayupo; alicheka, akaahidiwa siku nyingine. Picha ikapata tuzo, yakaandikwa yaliyoandikwa, na marehemu hakuyasahihisha.

Mkewe alifariki ghafla tarehe 11 Februari 2009, na juu ya jeneza iliwekwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa, ambamo anaonekana kama mtu aliyekaripiwa. Binti alimuuliza mbele ya shangazi zake, “Baba, umepiga picha mawe ya dunia nzima, mama hukumpiga hata moja?”  Tangu hapo marehemu alikaa sebuleni na kioo cha kukuzia, akiikagua ile ngazi juu ya mkoba, na alimwambia jirani yake, fundi umeme, kwamba kuna kivuli. Fundi alitazama, hakuona kitu, na familia nayo imetazama.

Mwaka 2019 alianza kutetemeka mikono, ugonjwa ambao madaktari walisema hautapona, lakini Septemba 2023, kinyume cha ushauri wao, alisafiri peke yake hadi kwenye mnara ule, akarudi na filamu moja ambayo hakuisafisha. Alifariki tarehe 6 Juni 2024, nyumbani, kitini.

Filamu imesafishwa na bintiye. Uwanja ni mtupu, askari yupo, na kwenye ngazi amesimama marehemu, mkoba wa mkewe miguuni. Kwa kuwa hakuwa na wa kumfungulia kamera, lazima aliifungua mwenyewe, akaenda, akasimama, akarudi kuifunga, na mwendo huo hauonekani. Uso unatambulika, mikono haipo. Kando yake ameacha nafasi ya mtu mmoja. Sababu hakuisema, nasi hatutamsemea. Binti amesema tu kwamba hiyo ndiyo picha ya kuwekwa juu ya jeneza, nayo ndiyo hii mnayoiona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, fundi umeme aliyemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, wenzake wa idara, na ninyi nyote mliofika.

Subiri, umesimama vya kutosha. Keti sasa, upumzike kwa amani.