Mtu Aliyeikwepa Purimu: Menashi Shaul Darwish (1936–2014)

Marehemu Menashi Shaul Darwish alizaliwa Baghdadi tarehe 4 Oktoba 1936, katika mtaa wa Abu Sifain, mtoto wa kwanza wa Mzee Shaul Darwish, fundi viatu, na mkewe Bi Habiba. Miaka mitano baadaye alizaliwa dada yake, Latifa, na baada yake hakuongezeka mwingine. Mama yao alipenda kusimulia kwamba Menashi alichelewa kulia siku aliyozaliwa, na kwamba tangu hapo hakuwahi kumsumbua mtu kwa sauti yake. Bi Habiba aliisema kama sifa. Sisi wa familia tumekuja kujua kwamba ndiyo iliyomponza.

Alisoma shule ya Wayahudi ya mtaani kwao hadi mwaka 1951, familia nzima ilipopanda ndege na kuiacha Baghdadi moja kwa moja. Walipelekwa kambi ya mahema ya Talpiot, hapa Yerusalemu, na masomo yakaishia hapo. Nani asome hemani, mvua ikimwagika juu ya daftari? Menashi alikwenda sokoni Mahane Yehuda kubeba makasha ya nyanya, na Kiebrania chake akakiokota huko huko, pamoja na matusi yake, ambayo alikuwa akiyaelewa yote bila kuyatumia hata moja.

Mwaka 1959 aliajiriwa kuwa dereva wa basi kati ya Yerusalemu na Tel Aviv, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Oktoba 2001. Alikuwa dereva mpole, asiyepiga honi ovyo. Siku moja ya Purimu, sikukuu yetu ya kujivika mavazi ya mchezo na kupelekeana chakula, alipofika kituo cha Tel Aviv alikuta basi zima limejaa vijana wenye mataji ya karatasi, kila mmoja ni mfalme, na hakuna anayetaka kusimama. Menashi akazima injini, akageuka.

"Waheshimiwa wafalme," akasema, "hapa mlangoni pana malkia mjamzito amesimama. Ni ufalme gani utampisha?"

Wakainuka karibu wote. Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe, na mkewe akaieneza habari hiyo ua mzima wa majirani kabla chai haijapoa.

Mke huyo alikuwa Bi Nazima, binti wa Mzee Ezra Mukamal, aliyefunga naye ndoa tarehe 20 Juni 1962. Walihamia mtaa wa Nahlaot, katika ua wenye nyumba sita zinazotazamana, na hapo ndipo marehemu alipoishi hadi mwisho. Mungu hakuwajalia mtoto. Walilia, wakanyamaza, wakaendelea kupendana. Nazima alikuwa mdomo wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyejua nani anaumwa, nani kagombana na nani, na ni mlango upi wa kugonga kwanza.

Siku yake kubwa ilikuwa Purimu. Kwetu Yerusalemu huiadhimisha tarehe kumi na tano ya mwezi wa Adari, siku moja baada ya miji isiyokuwa na kuta za kale, kama Tel Aviv na Beersheba. Siku iliyotangulia Nazima alikuwa akikaanga sambusa za dengu na kuoka biskuti za tende tangu alfajiri, na Menashi alikuwa mpelekaji. Wakitoka sinagogi kusikiliza gombo la Esta, ambako yeye alikuwa hodari wa kupiga miguu sakafuni kila Hamani, adui wa watu wetu, alipotajwa, alizunguka ua na sahani mikononi, moja baada ya nyingine, kila nyumba yake. Majirani nao walileta zao. Hakuwa na la kusema mlangoni ila "Purimu njema," lakini alirudi uso umemng'aa.

Bi Nazima alifariki tarehe 8 Februari 1983 kwa ugonjwa wa moyo. Siku saba za matanga ua wote ulikuwa ndani ya nyumba ile. Purimu ikaja kabla siku thelathini za msiba hazijatimia. Menashi hakujua kukaanga, ila alichemsha chai, akapanga vikombe mezani, akauacha mlango wazi, akakaa akingoja. Alisikia miguu ya watu uani, alisikia milango ya wenzake ikigongwa na watoto wakicheka. Wake haukugongwa. Jua lilipozama alivirudisha vikombe kabatini vikiwa vikavu.

Hakumwuliza mtu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini Menashi aliona aibu, akajijibu mwenyewe: sahani zile zote zilikuwa za Nazima, yeye alikuwa mchukuzi tu. Nazima hayupo, basi na watu hawapo. Jibu hilo alilimeza, likakaa.

Mwaka uliofuata aligundua njia ambayo ni dereva wa basi lile tu angeweza kuigundua. Tarehe kumi na nne, Tel Aviv ikila na kunywa, yeye alikuwa Yerusalemu, ambako Purimu haijaingia. Jioni ile, kabla jua halijazama, maana siku yetu huanza jua linapozama, aliendesha basi kuteremka Tel Aviv, akafika wafagiaji wakizoa karatasi za rangi barabarani. Tarehe kumi na tano Yerusalemu ikipiga kelele zake, yeye alikuwa amekaa kwenye chumba cha madereva, mji wote umerudi kazini. Purimu ikampita kulia na kushoto bila kumgusa. Wajuzi wa sheria wanabishana mpaka leo kama mtu wa namna hiyo ameponyoka kweli mbele za Mungu. Menashi hakuwauliza hao pia.

Alifanya hivyo kila mwaka, na alipostaafu aliendelea kama abiria. Dada yake Latifa, aliyekuwa ameolewa Beersheba, alimpigia simu kila Purimu ilipokaribia: "Njoo kwetu, kaka." Naye akajibu, "Kwetu ni kesho yake, nitakula na majirani." Majirani walipomwuliza aliwajibu, "Nakwenda kwa dada." Pande zote mbili zilifurahi kwamba Menashi ana mahali.

Mwaka 2009 Bi Latifa, akiwa mjane, alihamia Yerusalemu kwa binti yake, Ilana, aliyeuandika wasifu huu. Tarehe 1 Machi 2010, siku ya Purimu yetu, Latifa aliamua kumshtukiza kaka yake. Akapika, akafunika sahani kwa kitambaa, akaenda Nahlaot, akakuta kufuli mlangoni. Jirani wa mkabala, Bi Gitel Perlmuter, mzaliwa wa Rumania, akachungulia.

"Unamtafuta Menashi? Kaenda kwa dada yake."

"Dada yake ni mimi."

"Basi mbona uko hapa?"

"Nimemletea sahani. Aliniambia anakula na nyinyi."

"Na sisi! Mama, huyu hajala na sisi tangu Nazima afe!"

Wakatazamana. Bi Gitel akatoa viti viwili, wakakaa mbele ya kufuli, wanawake wawili wasiofahamiana, wakala nusu ya ile sahani kwa hasira. Menashi alirudi jua limezama, mfuko wa nguo begani, akawakuta hapo.

"Ulikuwa wapi, kaka?"

"Tel Aviv."

"Tel Aviv kufanya nini? Purimu yao si ilikwisha jana?"

"Ndiyo," akasema Menashi. "Ilikwisha."

Bi Gitel ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka mkono kinywani. "Na jana ulikuwa hapa, nilikuona unamwagilia mnanaa. Jana hapa, leo kule! Weye mzee! Na gombo je? Hukulisikia?"

"Sikulisikia."

"Na mwaka jana?"

Menashi akainama. Latifa akaanza kulia, na pale ndipo, kwa mara ya kwanza, Menashi akaeleza habari ya chai na vikombe. Aliieleza kwa maneno machache, kama mtu anayetaja kituo kinachofuata.

Bi Gitel alijipiga mapaja. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyewakataza! Kwetu mfiwa hapelekewi sahani kabla thelathini hazijatimia, ni kumwekea furaha mezani na yeye ana kilio. Nilipita mlango kwa mlango: mwacheni Menashi, mheshimuni. Mwaka wa pili tulikuja. Nyumba zote tano tulikuja na sahani, tukakuta kufuli!"

"Kwetu Baghdadi hupelekewa," akasema Menashi taratibu. "Mfiwa ndiye hupelekewa."

"Si ungesema!"

"Si mngegonga."

Bi Gitel akaifunua ile nusu ya sahani iliyobaki, akamsogezea.

Desemba mwaka huo huo marehemu alipigwa na kiharusi kilichompooza upande wa kushoto na kuufanya ulimi wake mzito. Purimu tatu zilizofuata alikaa Yerusalemu. Tulimpeleka sinagogi kwa kiti cha magurudumu, na Hamani alipotajwa alipiga mguu mmoja, ule unaosikia, kwa nguvu ya miwili. Sahani zililetwa, tena kubwa. Lakini tuseme kweli, kwa kuwa tuko makaburini: zilitoka kwa Latifa na kwa Bi Gitel tu. Wale wengine waliosimama mbele ya kufuli mwaka ule walikuwa wamekwisha kufa au kuuza nyumba zao kwa watu wa ng'ambo wanaokuja likizo. Mwaka jana Menashi aliitazama milango minne iliyofungwa uani, kisha akamwambia Ilana kwa ulimi wake mzito, "Nimerudi wameondoka." Alikula sambusa moja, akaomba alazwe.

Kiharusi cha pili kilimjia tarehe 25 Februari 2014. Alilazwa hospitali hapa mjini, na akafariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 27 Februari, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada yake. Anazikwa leo Ijumaa, Givat Shaul, kando ya Nazima.

Ameacha dada mmoja, Bi Latifa. Mpwa mmoja, Ilana, na mumewe na watoto wao wawili. Na Bi Gitel Perlmuter, ambaye si ndugu wa damu lakini ametuonya kwamba asipotajwa hapa atapaza sauti.

Purimu yetu ni Jumatatu tarehe 17 Machi. Siku thelathini za Bi Latifa zitakuwa bado hazijaisha, na tunajua wengi wenu, kwa heshima kabisa, mtamwacha apumzike. Ameagiza neno hili lisomwe kama alivyolisema: "Mimi si kaka yangu. Nitakuwa nyumbani, nimechemsha chai. Mtu asipokuja, nitavaa viatu nimfuate kwake nimwulize kwa nini."

Marehemu Menashi Shaul Darwish na akusanywe kwa watu wake, apumzike kwa amani, na asikae peke yake tena.