Majirani Walishafika

Basi la Dosso lilikuwa limeshaiacha Niamey pale Bibata, mkulima wa uwele, alipomuuliza kijana aliyekaa naye anafanya kazi gani. Seyni akajibu kwamba ni mtabiri wa hali ya hewa, akajuta papo hapo. Kazi hiyo ni bora kuificha ukiwa safarini.

“Kumbe ni nyinyi,” mama akasema. “Mlitangaza mvua, nikaalika majirani waje tupande.”

“Tulirekebisha, mama. Kila asubuhi tunaupima utabiri kwa picha za setilaiti. Siku ile tuliona upepo mkavu wa jangwani umegeuka, unayasukuma mawingu kusini. Tukatangaza redioni.”

“Nilisikia.”

Seyni akamgeukia. Msimu mzima alikuwa akijilaumu kwamba tangazo lile halikumfikia mtu.

“Nilisikia vizuri, mwanangu. Lakini watu walishafika na majembe yao, na vyungu viko jikoni. Ningewarudishaje? Niwaambie upepo umegeuka? Tukapanda kwenye vumbi, tukala, tukacheka. Mbegu zote zikaliwa na sisimizi.”

“Pole sana, mama.”

“Hiyo pole nayo mtairekebisha asubuhi?”

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Basi likapunguza mwendo karibu na kijiji cha mama huyo. Bibata akakumbatia kifuko cha mbegu mpya. Seyni akaitazama simu yake, ilimokuwa picha ya setilaiti ya asubuhi hiyo, kisha akafungua kinywa.

“Usiseme,” Bibata akamwambia, huku akishuka. “Wa kesho nimeshawaalika.”