Miguu ya Bi Mwanvita

Baraza ya Dadi iko pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya forodhani, na sifa yake si kahawa. Kahawa ya Dadi ni chungu kupita kiasi, na vikombe ni vitano tu. Sifa yake ni kwamba ukikaa pale unaona milango miwili kwa pamoja, wa Bwanausi kulia na wa Msabaha kushoto, inatazamana kama watu wasiosemezana. Na kweli wenyewe walikuwa hawasemezani. Mwaka ule misafara ya pembe za ndovu ilichelewa kuteremka kutoka bara, kazi zilikuwa haba Bagamoyo, nasi tukapata wasaa wa kuwaangalia wazee wa watu. Alasiri moja Bi Mwanvita, mama yake Msabaha, alitoka, akatandika mkeka mlangoni, akaketi, akachambua mchele wake. Alipomaliza akainuka mwenyewe bila kushika ukuta, akaingia ndani. Bwanausi, aliyekuwa nasi barazani, akaweka kikombe chini.

— Mmeona?

— Tumeona, alisema Pazi. Yeye tulimwita Chambua, kwa kuwa hakuna jambo aliloliacha zima.

— Mama yangu alipoolewa, yule tayari ana watoto wawili, alisema Bwanausi. Hesabuni wenyewe. Na mama yangu ndiye anayeanguka.

Hapo hapakuwa na la kupinga. Bi Ashatu, mama yake Bwanausi, alikuwa ameanguka mara mbili tangu Shaabani. Mwunga mifupa alimwambia Bwanausi waziwazi: mara ya tatu itakuwa nyonga, na nyonga ya umri ule haiungi.

— Ni chakula, alisema Chambua. Yule bibi anakula pweza. Kila Ijumaa analetewa kutoka Mlingotini. Mtu akila pweza miaka sitini, unadhani anatembea kwa miguu miwili? Ana sita ya akiba.

— Mama naye anakula pweza.

— Wa Mlingotini?

— Wa hapa.

— Basi, ndiyo hayo.

Rajabu alitikisa kichwa. Huyu tulimwita Naapa, maana hata akikueleza kuwa jua limetoka, lazima ale kiapo.

— Si pweza. Ni mafuta ya simba. Naapa, mpagazi mmoja wa Ubena aliniambia mwenyewe. Msabaha aliyaleta kutoka Unyamwezi ndani ya pembe ya mbuzi. Mama yake anapakwa magotini.

— Uliyaona hayo mafuta?

— Niliiona pembe.

— Kila nyumba ina pembe, Rajabu.

— Haya, basi tazameni nyayo zake. Juzi alipita mchangani pale, nikaenda kutazama. Naapa, mchanga haukudidimia. Yule hakanyagi chini. Anabebwa.

— Anabebwa na nani?

— Mimi nimesema anabebwa tu. Mengine ulizeni wenye elimu.

Dadi alicheka akimimina kahawa. Bwanausi hakucheka.

— Nyinyi mnafanya mzaha. Mimi nimefikiri usiku na mchana. Mama alipoanguka mara ya kwanza, siku ya tatu yake nilimwona yule bibi anakwenda kisimani peke yake. Alipoanguka mara ya pili, yule akaacha fimbo. Zinakwenda wapi nguvu za mama yangu? Zinavuka njia hii, zinaingia mlango ule.

Dadi akaacha kumimina.

— Mganga wa Kerege anakuja kesho, akaendelea. Atapiga ramli. Akilitaja jina, nitamwita Msabaha hapahapa barazani, mbele yenu, alisikie.

— Jina likishatajwa hapa, alisema Dadi polepole, yule bibi hatachambua tena mchele mlangoni pake. Na mchele wake hatakula mtu.

— Na mama yangu je?

Nilimjua Bwanausi tangu utoto; mama yake ni shangazi yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa imekaa muda mrefu ikiutazama mlango wa Msabaha, hata yeye mwenyewe hakuweza tena kuitambua. Mtu akimpenda mama yake namna ile, ni vigumu kumwambia neno. Mimi sikumwambia.

— Nimemnyima nini mama? akasema. Semeni. Msabaha alipomwekea mama yake mlango wa nakshi, nilitulia? Nilimwagizia mama samadari kutoka Unguja. Kitanda cha mninga, miguu imechongwa, kirefu hata kuku anaweza kuatamia chini yake asisumbuliwe.

— Tulikiona, alisema Dadi. Wachukuzi wanne.

— Niliwaambia wapite polepole mbele ya mlango ule.

— Walipita mara tatu, Bwanausi.

— Njia ilikuwa na watu.

— Naapa, njia ilikuwa tupu, alisema Rajabu.

Wakati huo alifika Ferdinandi, fundi seremala wa kule misheni, msumeno na randa vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amekuja kuranda mlango wa Chambua uliovimba kwa mvua.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Kaa, unywe kwanza. Mlango haukimbii.

Akakaa ukingoni. Chambua akamsimulia yote, pweza, mafuta na nyayo, na kila jambo likawa refu zaidi kuliko mwanzo. Ferdinandi alisikiliza mpaka kikombe kikaisha.

— Samahani, mzee Bwanausi. Mama huangukia wapi?

— Nyumbani.

— Nyumbani mahali gani?

— Ndani.

— Akiwa anafanya nini?

 Bwanausi akamtazama Chambua, Chambua akawa anatafuta kitu ndani ya kikombe. Rajabu alisema «Naapa», akaishia hapo.

— Nani alimwokota?

— Mke wangu. Mimi nikiitwa nakuta ameshalazwa.

— Mara zote mbili?

— Mara zote mbili.

— Nauliza tu, alisema Ferdinandi. Mimi nikiambiwa mlango unakwama, lazima kwanza nijue unakwama wapi. Ni mazoea ya kazi.

Bwanausi aliinuka, akanigusa bega.

— Twende ukamwamkie shangazi yako.

Tulimkuta Bi Ashatu amekaa juu ya samadari, mto mgongoni, kama mtu aliyewekwa rafuni. Nilimwamkia. Bwanausi akatafuta pa kukaa, asipaone. Chumba chote kilikuwa kitanda.

— Panda, mwanangu, alisema mama.

Palikuwa na kigoda cha kupandia. Bwanausi alikikanyaga, kikayumba, akashika nguzo. Akapanda, akageuka, akakaa kando ya mama yake. Bwanausi ni mtu mrefu. Nilitazama miguu yake: ilining'inia, nyayo hazikufika sakafuni.

Naye akaitazama.

— Mama, uliangukia wapi?

— Hapo hapo kwenye kigoda. Naamka kabla ya alfajiri nikatawadhe, kuna giza, nakipapasa kwa mguu. Siku nyingine nakipata, siku nyingine sikipati.

— Na kizunguzungu?

— Hicho kinatokana na kiu. Tangu adhuhuri sinywi maji, nisije nikalazimika kushuka usiku. Mwanvita ana mtungi wake karibu na kichwa, anakunywa apendavyo. Mwanangu, namwonea wivu mwenzangu yule, Mungu anisamehe.

— Wivu wa nini? Wa mlango?

— Mlango nitaufanyia nini? Wivu wa kitanda. Cha kamba, kifupi, cha zamani. Anaketi miguu iko chini, anatulia kidogo, anasimama. Mimi hapa kila nikitaka kushuka natoa shahada.

Bwanausi akakitazama tena kigoda kule chini.

— Kwa nini hukuniambia?

Bi Ashatu akamshika mkono, akaupapasa kama wa mtoto.

— Ulikipitisha mara tatu, mwanangu.

Tuliporudi barazani, wote walikuwa palepale. Bwanausi hakukaa.

— Rajabu, wewe asubuhi unakwenda Kerege. Mwambie mganga asije.

— Nimwambie nini?

— Mwambie jina limepatikana. Ni langu. Na wewe fundi, msumeno huo unakata mninga?

— Unakata.

— Miguu minne. Leo.

— Chambua mlango wake utangoja?

— Utangoja, alisema Chambua, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza.

— Haya. Tukate kiasi gani?

Tulitazamana. Rajabu alisema shubiri mbili. Dadi akasema tatu. Chambua akataka tujue kwanza unene wa mkeka. Bwanausi alisimama akiwasikiliza, kisha akageuka, akavuka njia ambayo hakuwa ameivuka tangu milango ile miwili ilipoanza kushindana. Akapiga hodi kwenye mlango wa nakshi. Bi Mwanvita mwenyewe akafungua.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, alisema bibi, akimwangalia kwa mashaka.

— Nimekuja kuomba. Unipe ruhusa nikapime urefu wa miguu ya kitanda chako.