Januari Maige na Kinu Alichokitoboa

Wasifu huu umeandikwa na mjane wake, Bernadina. Umesomwa mazishini na Donatus, mdogo wa marehemu, Kalangalala, Geita, 9 Agosti 1957.

Baba Padri, wazee wangu, ndugu na majirani. Januari Maige alizaliwa Ushirombo tarehe 19 Januari 1911, mtoto wa pili wa Mzee Maige na Mama Anisia. Shemeji Donatus, soma yote kama nilivyoandika, usiruke mahali.

Alisoma misheni kuanzia mwaka 1921, akajifunza kusoma, kuandika na useremala. Mama mkwe alisimulia kwamba akitumwa kuni, kila gogo aliligonga kwanza na kulisikiliza, wenzake wakarudi nyumbani yeye bado yuko porini. Alichonga ngoma yake ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita. Mimi hakuwa amenijua bado.

Tulifunga ndoa Ushirombo tarehe 6 Juni 1934. Bwana arusi alichelewa kanisani kwa sababu alikuwa ameanika ngozi ya ng'ombe na aliogopa mbwa wataila. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilijua nimeingia uke wenza.

Mwaka 1938 tulihamia Geita. Aliajiriwa mgodini kama seremala, kazi yake kusimamisha magogo ya kuzuia mwamba usianguke. Akitoka kazini alichonga ngoma, na wachezaji walimfuata hata kutoka Shinyanga. Nilipougua malaria alinifunika blanketi, akarudi uani kuipapasa ngozi kama imekauka vizuri. Nina wivu na ngoma, Baba Padri, na ninalisema mbele yako.

Julai 1949, baada ya mavuno, kundi letu la ngoma, kiongozi wake Eustace, lilishindana na kundi la kijiji cha ng'ambo. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watazamaji wengi. Watu walikuwa wamejaa upande wetu, ngozi ya ngoma aliyoichonga marehemu ikapasuka. Wote wakahamia kwa wenzetu. Eustace alisema tumefanyiwa dawa. Marehemu akamjibu, "Hapana. Ni mimi. Mkono umeniacha." Akafunga tezo na patasi ndani ya gunia.

Miaka mitatu alikuwa wangu. Alinisindikiza kisimani, tukabangua karanga pamoja, majirani wakanionea kijicho. Nilifurahi, siwafichi. Ila alikula bila kujua anakula nini, na ukimuuliza jambo alisema, "Amua wewe, Mama Febronia, mimi nakosea."

Mwaka 1952 kinu changu kilipasuka. Nikamwomba anichongee kingine, kwa kuwa kinu si ngoma. Alikataa, nikamkumbusha kila nilipopika, mwishowe akalifungua lile gunia. Alilichimba gogo la mninga polepole. Siku moja nikasikia analigonga. Akacheka peke yake, kicheko ambacho mimi na karanga zangu hatukukipata miaka yote ile. "Mama Febronia," akasema, "gogo linaitika."

Kinu kilikamilika, kikakaa uani bila kukabidhiwa. Alikizunguka, akakigonga, akaondoka. Jioni moja nikarudi kutoka kisimani, nikachungulia ndani yake, nikaona nyasi. Alikuwa amekitoboa chini.

"Baba Febronia, nitatwangia wapi?"

"Kwa Mama Philomena," akasema, akinionyesha nyumba ya jirani. "Nisamehe. Pengine nitaiharibu ngoma hii pia, lakini acha niiharibu."

Hakuiharibu. Aliivuta ngozi, akaifungua, akaivuta tena, safari hii akiimba. Toka hapo alichonga mpaka kifua kilipomzuia, na hata kundi letu liliposhindwa alirudi nyumbani anacheka. Ile ngoma ya kinu hakumpa mtu. Mimi mpaka leo natwangia kwa Mama Philomena.

Alianza kukohoa mwaka 1956, akaacha kazi, akalazwa mara mbili. Aliporudishwa nyumbani aliomba ngoma ile iwekwe karibu na kitanda. Niliiweka, nikalala kwenye mkeka. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti alinishika mkono akauweka juu ya ngozi, mahali ambapo hakuwahi kuniruhusu kugusa.

"Piga," akasema.

"Sijui kupiga."

"Piga kama unatwanga."

Nikatwanga. Akacheka kile kicheko chake, safari hii akinitazama mimi. Alifariki siku hiyohiyo alasiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, Febronia, Damian na Apolonia, wajukuu wawili, na mdogo wake Donatus anayesoma hapa. Ameacha pia ngoma hiyo mnayoiona, ambayo wachezaji wameiweka kivulini na mimi wameniacha juani.

Kaburi likishafukiwa ngoma itapigwa. Nitaanza mimi, na asiiguse mtu mpaka nimalize kutwanga. Bwana ampe Januari pumziko la amani.