Rimoti Moja ya Nyumba Nzima

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na asubuhi ile kahawa ilikuwa chungu kuliko kawaida. Jana yake tulimzika bibi wa geti la kijani. Fundi umeme tunayemwita Kitufe ndiye aliyemtengenezea rimoti moja ya redio, feni na hita ya maji ya kuoga: kitufe cha kuchagua chombo, cha kuongeza, cha kupunguza, na kitaa kinachobadili rangi kuonyesha umechagua nini. Bibi alitaka sauti ya redio ipande. Akabonyeza kuongeza, kimya. Akabonyeza tena, na tena. Kumbe anapandisha joto la maji. Kisha akaenda kuoga. Nami nilikaa na kikombe changu, nikisikiliza wanaume watatu wakimtafuta mwenye kosa kila mahali isipokuwa pale benchini.

— Masikio yale, alisema kinyozi, Bunge kwa jina la kijiweni. Sikio la kufa halisikii dawa.

— Hiyo ni ya wakaidi, kaka, nikasema. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Rangi za kitaa angezionaje?

— Basi macho! Binti wa chuo, unanijengea hoja.

Mzee Sindano, fundi cherehani, hakucheka. Baba yake amepooza upande mmoja, na alasiri ile Kitufe alikuwa ampelekee rimoti kama ile.

— Kitufe, ndugu yangu, ya baba ni salama?

— Salama kabisa! Yake nimeongeza taa na pazia. Vyombo vitano, vitufe vilevile vitatu.

— Vyombo vitatu vimeua, nikasema, wewe unaongeza viwili?

— Mdogo wangu, vitufe vingi huwachanganya wazee. Umoja ni nguvu.

— Mimi nasema ni mawimbi, Bunge akadakia. Rimoti ya jirani imepenya ukutani.

— Ukuta wa tofali?

— Mawimbi hayana adabu! Au redio yenyewe ilijua siku zake zimefika, ikamnyamazia kwa heshima.

— Kazi ya Mungu haina makosa, Kitufe akanong'ona.

— Ya Mungu haina, nikasema. Tunazungumzia yako.

Hapo akatokea mke wa mwanawe bibi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji hadi kwenye kiwiko. Ndio uliomtoa mama mkwe wake kwenye yale maji. Tukasimama sote.

— Pole sana, shemeji.

— Asanteni.

Akaiweka rimoti juu ya benchi. Kwa mkono wa kushoto akabonyeza kitufe cha kuchagua, mara moja. Kitaa kikawaka bluu.

— Fundi, bluu ni chombo gani?

— Feni, alisema Bunge.

— Redio, alisema Mzee Sindano, kisha akamtazama Kitufe.

Kitufe akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali.

— Kuna karatasi... niliandika mahali.

Kitaa kikazimika chenyewe. Mzee Sindano akaweka chini kikombe ambacho hajakinywa hata nusu.

— Alasiri usije, alisema, akashika njia ya kwa baba yake, haraka, kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Mkwe wa bibi hakuketi. Alisimama palepale, bandeji imekumbatiwa kifuani, akisubiri. Kitufe akarudia mfuko wa shati.