Melchior Barampama, Aliyesindikiza Hadi Musina

Baba mchungaji, wazee wetu, akina mama mliokaa na Vestine siku zote hizi, majirani wa Bertrams na Bellevue, na ninyi madereva mliopanga pikipiki zenu nje ya uzio kwa mstari ulionyooka kama alivyopenda mwenyewe, familia imemtuma Ezéchiel, kaka mkubwa wa mjane, awasomee maisha ya shemeji yake, na Ezéchiel amekubali, ingawa anajua kwamba ndani ya maisha haya pana mahali ambapo yeye mwenyewe hakufanya vizuri, na mtapasikia tukifika.

Melchior Barampama alizaliwa tarehe 3 Machi 1982 katika kilima cha Nyarubira, tarafa ya Mabanda, mkoa wa Makamba, kusini mwa Burundi, mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Astère, mkulima wa mihogo na maharage, na Mama Domitille, na kati ya hao wanne amebaki mmoja tu, dada yao Victorine, ambaye yuko huko huko Mabanda na anatusikiliza sasa hivi kwa simu iliyowekwa hapa mbele. Victorine, pole sana dada yetu, tunakusalimu wote.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989 katika shule ya pale pale kilimani, akasoma hadi darasa la sita, kisha vita vikafika, na mwezi Novemba 1996, baada ya mzee Astère kuuawa, Mama Domitille aliwavusha watoto wake mpaka kwa miguu kupitia Manyovu hadi kambi ya Mtabila, Kasulu, Tanzania, ambako Melchior alimaliza elimu ya msingi mwaka 1999, na ambako alipata mambo mawili yaliyomlisha maisha yote, yaani ufundi wa pikipiki, aliofundishwa na fundi mmoja Muha wa Kasulu mjini, na Kiswahili, ambacho ndugu yetu Selemani, aliyezaliwa Tanga na anayedhani lugha hii aliachiwa urithi yeye peke yake, alimcheka nacho miaka yote bila kuchoka, Melchior naye akimjibu kwamba pikipiki yako, bwana, haijawahi kunilalamikia lafudhi.

Tarehe 2 Julai 2006, katika stendi ya mabasi ya Kasulu, alimuaga mama yake akimwambia kwamba anakwenda kusini kwa miaka miwili tu. Hakumwona tena. Aliingia Johannesburg tarehe 19 Agosti mwaka huo, akapanga Bellevue, katika chumba, kama robo ya sebule iliyozibwa kwa mbao inastahili kuitwa chumba, akalinda magari siku za mechi karibu na uwanja wa Ellis Park, akabeba mizigo sokoni Newtown, akapewa hifadhi ya ukimbizi, na mwaka 2013 akafungua gereji yake katika ua wa nyumba moja hapa Bertrams, ambapo wengi wenu mlimfahamu akiwa amelala chali chini ya pikipiki, ameuma spana, anawajibu kwa kuguna.

Vestine alimpata kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi kule Pretoria mwaka 2008, wakaingia foleni alfajiri hawajuani na alasiri akawa tayari anambebea mkoba, hivyo ile ofisi tunayoilaumu kila siku kwa uzito wake, angalau siku ile ilifanya kazi moja haraka. Walifunga ndoa tarehe 25 Aprili 2009 katika kanisa letu la Yeoville, na Mungu akawapa watoto watatu, Joséline aliyezaliwa mwaka 2010, Yves mwaka 2013, na Élysée mwaka 2017, ambao wanaelewa kila neno linalosomwa hapa, ila majibu yao yatatoka kwa Kiingereza au Kizulu, na baba yao aliwakubali hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye safari, maana asiyejua habari ya safari hakumjua Melchior. Tarehe 13 Desemba 2014, Selemani na wenzake wanne, wote Watanzania wenye pasipoti, waliamua kurudi nyumbani kwa mapumziko kwa pikipiki zile zile ndogo wanazopelekea watu chakula, na Melchior, aliyezifanyia matengenezo zote, akasema atawasindikiza kidogo, kama ilivyo ada, kwa sababu mgeni haagwi mlangoni. Kwetu kusindikiza ni hadi njia panda, ukimpenda sana mtu utamfikisha stendi, lakini Melchior alipofika Pretoria alisema hadi Polokwane, alipofika Polokwane alisema hadi milimani, na walipotoka kwenye mahandaki ya mlima, nchi ikafunguka mbele yao, tambarare ya kaskazini, vichaka vikavu huku na huku na barabara iliyonyooka hadi macho yanachoka, hakusema tena ni hadi wapi, akaenda nao hadi kituo cha mafuta cha mwisho pale Musina, kilomita mia tano na arobaini kutoka gereji yake, mpaka wa nchi ukiwa mwendo wa robo saa tu mbele. Selemani alimwambia kwamba hata bibi harusi hasindikizwi hivyo.

Hakuweza kwenda mbele zaidi, kwa sababu karatasi yake ya ukimbizi haikumruhusu kutoka nchini, na mkimbizi akirudi kwao hifadhi yake imekwisha, na Vestine na watoto wangebaki na nini. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, lakini hawakutuambia aliyekatazwa kwao aitwe nani. Basi ikawa desturi, kila Desemba, ukiacha ule mwaka wa korona, msafara ukakua kutoka pikipiki sita, yake ikiwemo, hadi kumi na nne, na Melchior ndiye aliyeupanga, pikipiki dhaifu kuliko zote ikitangulia na kuwapimia wengine mwendo, na yeye fundi akiwa wa mwisho kabisa ili asiachwe mtu njiani, na pale Musina alikagua minyororo na matairi ya kila mmoja, akamkabidhi Selemani kifurushi cha Mama Domitille, aliyekuwa amerudi Mabanda na Victorine kambi ilipofungwa, kifurushi ambacho Selemani alikituma kwa basi kutoka Tanga hadi Kigoma, na Victorine akavuka kukichukua Manyovu siku ya soko, kisha Melchior akageuza pikipiki na kurudi peke yake.

Vestine alimuuliza kwa nini anajitesa, naye alimwambia wazi kwamba kwenye ile tambarare hamu ya kwao humshika hadi kifua kinauma, lakini ni maumivu anayoyapenda, kwa sababu ndiyo saa pekee katika mwaka mzima anayokuwa ameelekea nyumbani na hakuna kitu mbele yake, na kwamba kinachomvunja ni kurudi, siku nzima amekupa kwao mgongo, na kwenye robot ya kwanza ya mjini anatamani taa ibaki nyekundu ili asifike. Alikuwa mtu wa kuongea kidogo, na maneno hayo Vestine aliyatunza.

Tarehe 6 Septemba 2024, baada ya kuomba kwa miaka mitano, alipewa hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayomruhusu kwenda nchi zote isipokuwa Burundi, na furaha yake haikuwa ya kawaida, mtu wa kuguna akawa anaimba gerejini. Mpango ulikuwa mwepesi, msafara wa Desemba ungevuka naye, Selemani na wenzake wangeachana naye Tunduma, yeye apande kwa Sumbawanga na Kasulu hadi Manyovu, na Victorine angemvusha mama kwa siku moja waje kukutana naye sokoni. Alinunua shuka zito, alinunua viatu vya raba, alinunua na miwani ya kusomea, kwa sababu mama alilalamika kwamba Biblia yake imepungua herufi.

Mama Domitille alifariki tarehe 21 Oktoba 2024. Victorine hakumpigia Melchior, alimpigia Ezéchiel, na alifanya sawa, kwa sababu kwetu habari ya kifo haimwagwi sikioni mwa mtu aliye mbali na peke yake, anaandaliwa, anakalishwa, watu wake wanakuwa karibu. Ezéchiel alishauriana na Selemani, wakakubaliana kungoja Jumapili, na Jumapili ikafika Melchior ana kazi, wakangoja Joséline amalize mitihani, wakangoja tena, na kila wiki akiwaonyesha kitu kipya alichomnunulia mama, kila wiki ikawa ngumu kuliko iliyopita, na alipopiga simu Mabanda aliambiwa kwamba mama ana mafua na sauti imekauka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii waliivuta hadi tarehe 14 Desemba, msafara ukaondoka Bertrams, na Ezéchiel, ambaye si dereva, alimpungia shemeji yake mkono akijua anachokijua, akamtwisha Selemani mzigo aliopaswa kuubeba yeye. Aliita jambo hilo huruma. Leo anasema mbele yenu kwamba ulikuwa woga.

Walilala Polokwane, na siku ya pili, Jumapili, wakaingia tambarare, na wote walioendesha naye wanasema hawajawahi kumwona vile, aliacha nafasi yake ya mwisho, akatangulia, akawa anawasubiri mbele barabarani amevua kofia, anacheka. Walipofika kituo cha Musina saa sita mchana, Selemani alimkalisha kwenye kivuli cha pampu na kumwambia. Melchior aliuliza tarehe, akatajiwa, akasema kwamba, eish, kumbe ile miwani aliinunua mama akiwa ameshazikwa. Aliinuka, akakagua minyororo ya wote kumi na watatu, mmoja baada ya mwingine, akawaombea safari njema, na akarudi na vifurushi vyake, ingawa Selemani alimsihi avuke hata akaangalie vilima vya kwao kutoka Manyovu, naye akamjibu kwamba vilima alikuwa anavipenda kwa sababu kulikuwa na mtu.

Hakumsemesha Ezéchiel kwa miezi minne, na alikuwa na haki. Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, alibisha hodi kwa Ezéchiel, Bellevue, akiwa na Vestine na watoto, akasema wamekuja kula, wakala, na habari ile haikuguswa, ila alipoondoka alimwomba Ezéchiel amsindikize hadi kona ya barabara, na walitembea pamoja, na Ezéchiel akajua amesamehewa. Jioni ile ile, Melchior alimwambia Vestine jambo jingine, ambalo sisi hatukulijua mpaka Jumatano ya wiki hii.

Mwezi Mei alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua kwamba shinikizo la damu alilokuwa nalo kwa miaka bila kujua lilikuwa limeharibu figo zote mbili, akasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na alifunga spana zake mwezi Septemba aliposhindwa kuinama, na asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, Vestine akiwa amemshika mkono, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Habari ilipotoka hakuna aliyejiuliza atazikwa wapi. Mtu kwao, tulisema, na mkimbizi akifa hana tena anayemuuliza karatasi, hivyo madereva walichanga, gari la kubebea jeneza likapatikana, Victorine akachimbisha kaburi kando ya mama, na katika kikao cha Jumatano Selemani alisimama akasema kwamba safari hii Melchior anavuka, na pikipiki zote zitamfuata hadi kwao, na watu wakalia, na aliyelia kuliko wote ni huyu anayesoma, kwa sababu alitaka sana kulipa kosa lake kwa njia hiyo. Hapo ndipo Vestine, ambaye hajawahi kuongea katika kikao cha wanaume, aliomba nafasi.

Alisema kwamba siku ya Pasaka mume wake alimwambia hivi, kwamba mama yake ana kaburi mahali ambapo yeye hawezi kufika, kwamba kila siku analitembelea kichwani na kila siku halioni, na kwamba watoto wake ni wakimbizi kama yeye, akizikwa Mabanda nao watakuwa na kaburi wasiloweza kufika, na maumivu hayo, alisema, yaishie kwake, hataki kuwarithisha. Mzee mmoja alijibu kwamba huko ni kumkatia mtu kwao, na Vestine akamwambia, mzee wangu, naomba unisamehe, hakuna mtu aliyetamani kwao kuliko yule, na ndiye aliyesema. Selemani akaketi. Simu ilipopigwa Mabanda, Victorine alisema kaburi lifukiwe, neno la kaka yake lifuatwe.

Kwa hiyo tunamzika hapa, na kama kuna mtu anaona uchungu, ajue kwamba yeye alikuwa nao zaidi na aliuchagua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomwita fundi na kumpa heshima yake, majirani wa Bertrams waliopika na kulaza wageni wetu, washirika wa kanisa la Yeoville, akina mama washonaji wenzake Vestine wa Newtown, na madereva wote, ambao Vestine aliwaomba michango yao ibaki kwa ajili ya shule ya watoto, nao wakakubali bila hata kunong'ona.

Melchior, shemeji, ulikuwa na haki ya kwenda na umekaa. Pumzika sasa, Jumapili watoto wanakuja kukuona, si mbali, ni teksi mbili tu.