Awe Ameiona Xi'an

Wewe unayesoma, umewahi kufika Xi'an? Hujafika? Basi kazi ya Karatu huipati. Ndivyo lilivyosema tangazo alilokuwa nalo mfukoni Patrisi, ambaye kijiwe kinamwita Digrii. Wakubwa wanne wa wilaya walikwenda China kujifunza utalii, wakarudi na wazo moja: kuchimba shimo njia panda na kulijaza sanamu za Wamasai, kama lile jeshi la udongo la mfalme wa Xi'an. Sasa wanatafuta mwongoza watalii ajuaye Kichina, “awe ameiona Xi'an kwa macho yake.” Mwisho wa maombi ni leo saa kumi. Digrii alisoma historia na Kichina, na mwaka wa tatu huu hana kazi. Hao wakubwa ni yeye aliyewafundisha kusalimia kwa Kichina, nihao, kwa soda moja. Akakaa kwenye benchi la Metui muuza kahawa, kati ya Spea, fundi wa magari ya safari, na Clemensi aitwaye Redio.

SPEA: Mzee baba, wale askari elfu nane si sanamu. Ni watu! Waliitwa paredi, wakapakwa udongo wamesimama. Ndiyo maana kila mmoja ana sura yake.

DIGRII: Nonsense. Walifinyangwa, wakachomwa, wakazikwa wamlinde mfalme kaburini. Miaka elfu mbili na ushee.

REDIO: Wewe umeiona Xi'an?

Benchi likaangua kicheko.

METUI: Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Maana yake, ukipata viza, wahi ndege.

SPEA: Kule ukuta wa mji ni mpana, watu wanaendesha baiskeli juu. Na sisi tunajengewa, kutoka hapa mpaka geti la Ngorongoro!

REDIO: Ukuta si kitu. Ujanja wao ni hizo sanamu za Wamasai. Sanamu haina ng'ombe, haidai posho, haiulizi ajira. Digrii, umesimama miaka mitatu unasubiri kuitwa. Wakupake udongo tu, uanze kazi bila usaili!

Digrii akatua kikombe.

DIGRII: Wale wakubwa walipiga selfie na farasi wa udongo, full stop! Muulizeni hata mmoja jeshi lilipatikanaje. Mwaka sabini na nne, ukame, wakulima wanachimba kisima, mara jembe likagonga askari!

Mama mmoja, Nailantei, alikuwa ameshuka kwenye lori kutoka kijiji cha Olbalbal, Ngorongoro, na madumu mawili matupu. Alisimama akisikiliza, Metui akamsalimu kwa Kimasai.

METUI: Takwenya, yeyo.

NAILANTEI: Iko. Mwanangu, hicho kisima, maji yalitoka?

Spea akachungulia kikombe. Redio ikakosa mawimbi. Miaka yote ya chuo, hakuna aliyemwambia Digrii kama maji yalitoka.

Akalitoa tangazo, akaligeuza nyuma, akaazima kalamu ya Metui. Aliandika huku akisoma kwa sauti:

“Waheshimiwa mliokwenda Xi'an. Mimi sijaiona, lakini nihao mliyosalimia nayo ni yangu. Wenzetu walichimba kisima wakapata jeshi. Nyie mnachimba shimo la jeshi, na Olbalbal hawana kisima. Futeni sharti lenu kabla ya saa kumi, na mashine ya kuchimba hilo shimo ianzie Olbalbal, ichimbe maji. Ikigonga askari, niiteni.”